Tegu wa simba na ng'ombe wa Baba

Nilikuwa na miaka 11 siku kaka yangu alipotoka chooni akiwa ameshika kipande cha karatasi, uso umemshuka. Mama alikifunua uani. Ndani mlikuwa na pingili moja nyeupe, bapa, urefu wa ukucha wa kidole gumba, na ilikuwa ikijikunja na kujinyoosha yenyewe juani. Mama alipiga astaghafiru akaitupia maji ya moto.

Wakati huo tulikaa Shela, hapa Malindi, na Baba alikuwa na bucha. Jioni alichoma mishkaki nje ya duka, na kaka alipenda kuichomoa kabla haijaiva, ndani bado ina wekundu. Zahanati walimpa vidonge, na yule tegu, mnyoo mrefu bapa wa utumboni, akaisha. Hasira ya Baba haikuisha. Mzee aliyemletea ng'ombe kutoka upande wa Tana alipokuja kuchukua salio lake, Baba alimtolea maneno mbele ya wateja: "Umewalisha wanangu minyoo. Usinikanyagie tena hapa." Mzee yule alikuwa akituita wajukuu zake. Hakujibu. Aliokota fimbo yake akaenda, na hata salio hakulidai.

Miaka ikapita, nikasomea afya ya mifugo, nikapelekwa mazoezini kwenye njia ya Tsavo Mashariki, ile inayofuata mto Galana hadi lango la Sala. Asubuhi moja tuliitwa kwa kongoni aliyegongwa na lori. Daktari wa wanyamapori alinipa kisu akaniambia, "Haya mwanangu, kata taya, kisha moyo." Kwenye moyo nilivikuta vitatu: vifuko vidogo kama mbaazi, maji maangavu ndani, na katikati doa jeupe kama punje ya ufuta. Nilishtuka, maana vilikuwa sawa na vile vifuko vya tegu mchanga tulivyofundishwa kuvitafuta kwa ng'ombe.

Tuliporudi kambini alilibana lile doa kati ya vioo viwili akaniita kwenye darubini. Niliona kulabu, zimejipanga duara kama taji. "Tegu wa ng'ombe anayeingia kwa binadamu hana hizi," alisema. "Ana vinyonyeo vinne tu. Huyu ni wa wala nyama wa porini, simba au fisi." Simba hula kongoni, tegu akakulia utumboni mwake, mayai yakatoka na kinyesi yakashika kwenye majani, na kongoni mwingine akala majani yale. Simba mwenyewe kwa kawaida hata haugui. Mzunguko huo ni wa kale kuliko kijiji chochote.

Nikamuuliza, na huyu wetu alitoka wapi? Nilijua jibu, kwamba alitoka kwa ng'ombe. Daktari akatikisa kichwa. Mwaka 2001 mtaalamu wa vimelea Eric Hoberg na wenzake walilinganisha mategu wa aina nyingi, wakaona kwamba ndugu wa karibu wa tegu wetu wa ng'ombe anaishi ndani ya simba. Jina lake la kisayansi limebeba Kiswahili chetu: Taenia simbae. Wazee wetu wa kale kabisa, hapa hapa Afrika, walikula swala wale wale waliokuwa wakiliwa na simba na fisi, na tegu akapata makao mapya. Ng'ombe walikuja kufugwa baadaye sana, yapata miaka 10,000 iliyopita. Mtu aliwafunga kamba akiwa tayari na tegu tumboni. Ng'ombe ndiye aliyeambukizwa na sisi.

Na hadi leo ng'ombe hampati tegu huyu kwingine. Lazima ale majani au anywe maji yenye choo cha mtu. Mayai yakifika utumboni mwake yanaanguliwa, tegu wachanga wanapita kwenye damu hadi kwenye misuli inayofanya kazi sana, yaani taya, moyo, ulimi, bega, na kwa muda wa wiki kumi hivi kifuko kinakuwa tayari kumwambukiza mlaji.

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka kwamba Baba alikuwa akinunua ng'ombe mapema na kuwanenepesha nyuma ya nyumba miezi mitatu, akisubiri Idi. Nikakumbuka choo chetu cha shimo, kilivyofurika kila masika na maji yake kuelekea kule kule kwenye majani.

Leo mimi ni mkaguzi wa nyama. Kila alfajiri nakata taya, moyo, ulimi na bega, na nikikuta vifuko vichache nyama inakwenda kugandishwa, nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 10. Vikitapakaa, nyama yote inatupwa. Lakini kisu hakifiki kila mahali. Muhuri wangu usikufanye ule mshikaki mbichi. Uache motoni hadi wekundu uishe kabisa.

Baba nilimweleza mwaka jana, tukiwa tumekaa barazani. Alisikiliza yote, akauliza kuhusu kile choo, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Yule mzee yungali hai?"

Niliulizia kwa wanaoleta ng'ombe. Alikwisha kufa, ila mwanawe yuko karibu na Garsen. Jumatatu iliyofuata Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa tukapanda basi. Kijana yule alitukaribisha, akatuletea maziwa. Baba alikunywa hadi tone la mwisho, akakiweka kikombe chini, akatoa kitambaa alichofungia salio la mzee.

"Mwanangu," alisema, "nimekuja kwa habari ya baba yako."