Makabidhiano yalinipa kasoro za walimu, nikaanza daftari jipya

Julai 2021 nilikabidhiwa shule ya msingi ya serikali katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Makabidhiano yalichukua asubuhi nzima: funguo, mihuri, leja ya stoo, vitabu vya kiada kwa idadi, madawati mazima na mabovu. Tulipomaliza vitu tukaingia kwa watu. Mwalimu mkuu aliyekuwa anaondoka alikuwa muungwana na alitaka kunisaidia, akanitajia walimu mmoja mmoja. Huyu mtoro wa Jumatatu. Huyu binti hasemi, kwenye vikao yupo kama hayupo. Mzee huyu amechoka, anasubiri tu kustaafu. Walimu walikuwa 11, nami nikaandika yote. Usiku nilipoyasoma niliona nina kurasa mbili za kasoro, wala hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema fulani anaweza nini.

Mwalimu mkuu wa shule ya serikali hachagui walimu, analetewa. Mshahara hapandishi yeye, daraja hapandishi yeye, na kumwachisha mtu kazi si mamlaka yake. Fedha za uendeshaji zikiingia zina vifungu vyake tayari, na hakuna kifungu cha kumpongeza mwalimu aliyefanya vizuri. Kinachobaki mikononi mwake ni ratiba ya vipindi na mgawanyo wa majukumu. Nilijiambia kwamba kama hicho ndicho nilicho nacho, basi nikitumie kwa akili.

Wiki tatu za kwanza sikubadilisha kitu. Sikutaka pia kuingia madarasani na kalamu, kwa sababu mkuu mpya akikaa nyuma ya darasa mwalimu anahesabu kwamba anakaguliwa, na hapo humuoni yeye, unauona woga wake. Nilichukua vipindi sita vya Sayansi Darasa la Tano nikafundisha kama wenzangu. Nilipita kwenye madaftari ya watoto, maana daftari la mtoto halijui kupendezesha. Na kila mwalimu nilizungumza naye peke yake, si ofisini, bali tukitembea kwenda barabarani jioni. Nilikuwa na maswali mawili tu: kipindi gani kikiisha unasikitika kengele imelia? Na kazi gani ukipangiwa hulali? Wengi walicheka kwanza. Halafu wakasema mengi kuliko nilivyotegemea, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mzee yule alikuwa amebakiza miaka mitatu. Alikuwa na cheti cha ualimu cha Daraja la IIIA, na kwa sababu ya utumishi wake mrefu ndiye aliyepewa Hisabati ya Darasa la Saba. Matokeo yake hayakuwa mazuri. Lakini saa ya mapumziko nilimwona kila siku chini ya mwembe, amezungukwa na watoto wa madarasa ya chini, anapanga vizibo vya soda na mbegu za ukwaju kwenye mchanga, na watoto wanahesabu kwa sauti huku wanagombea nafasi ya kukaa karibu naye. Nikaona jibu liko wazi: mzee huyu ni wa Darasa la Kwanza.

Nikakosea jinsi ya kulisema. Nililitangaza kwenye kikao cha walimu, mbele ya wote, nikidhani natoa sifa. Chumba kikanyamaza. Katika shule zetu nyingi Darasa la Kwanza ndipo anapopelekwa mwalimu asiyetakiwa kwingine, au mgeni asiye na wa kumtetea. Kumtoa mtu wa Saba kumpeleka la Kwanza, mbele ya vijana aliowapokea kazini mwenyewe, kulikuwa ni kumvua nguo. Alisimama akasema, "Asante, Mkuu," akatoka.

Jioni nilimfuata nyumbani kwake. Mke wake akanipa kigoda, tukala mihogo, na kwa muda mrefu hakuna aliyegusa jambo lenyewe. Mwishowe nikamwomba radhi. Akanijibu, "Mwanangu, kazi yenyewe sijaikataa. Ila ningeambiwa kwanza, ningekuja kikaoni nimejiandaa kuisema mwenyewe." Nikamweleza nilichokiona chini ya mwembe. Nikamweleza pia ninachokiamini hadi leo: mtoto asipojua kusoma, kuandika na kuhesabu akifika Darasa la Tatu, walimu wote wa madarasa ya juu wanafanya kazi ya kubeba maji kwa pakacha. Alinyamaza, kisha akauliza kama anaweza kupata chumba chenye sakafu nzima, kwa sababu watoto wadogo wanahesabu vizuri wakikaa chini. Nikajua amekubali.

Kuanzia siku ile sijawahi kubadilisha jukumu la mtu kikaoni kabla ya kukaa naye yeye mwenyewe.

Mwaka uliofuata nilimwomba aongoze siku moja ya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini ambayo kwetu yalikuwa yamegeuka kuwa kusoma moduli kwa sauti na kusaini mahudhurio. Alikuja na vijiti mia moja. Akavifunga kumikumi kwa raba, akaweka mezani mafungu manne na vijiti vitatu, akasema, "Hii ni 43. Nipeni 17." Mwalimu wa Darasa la Tano akanyoosha mkono kuchukua fungu moja, akakwama kwenye vijiti saba, maana vilivyo huru vilikuwa vitatu tu. Mzee akamwachia akwame. Kisha akafungua fungu moja taratibu, vijiti kumi vikamwagika, vikawa 13 vilivyo huru, akatoa saba vikabaki sita. Yule wa Darasa la Tano akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka yote alikuwa anawaambia watoto "kopa moja jirani" bila kuwaonyesha kwamba hiyo moja ni kumi. Hakuna semina niliyohudhuria iliyonifundisha somo hilo vizuri kuliko pale, na haikutugharimu hata shilingi.

Yule binti asiyesema nilimjua kupitia madaftari yake. Kila jaribio alikuwa ameandika pembeni mtoto gani amekosa swali lipi, na kama kosa ni la hesabu au la kutoelewa Kiswahili cha swali. Nikamfanya mwalimu wa taaluma. Ndani ya muhula mmoja nilikuwa najua, kwa majina, watoto wa Darasa la Nne ambao upimaji wa taifa ungewakuta hawasomi vizuri. Kazi ile ikabadilisha namna tunavyopanga vipindi vya ziada: tuliacha kufundisha darasa zima upya, tukawaita wale wanaohitaji.

Hapo nikakosea mara ya pili, na kosa hili linanisikitisha zaidi kwa sababu lilivaa sura ya heshima. Kwa kuwa anafanya vizuri, kila kitu kilikwenda kwake. Taarifa za watoto kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, yeye. Takwimu za halmashauri, yeye. Barua inayotakiwa kesho asubuhi, yeye. Ijumaa moja saa kumi na moja jioni nilimkuta ofisini kompyuta imewashwa, analia, na mwanawe mdogo amelala kwenye benchi. Kumbe nilikuwa nimekichukua kipaji chake nikakifanya adhabu. Wenye uwezo ndio wanaochoka mapema katika shule zetu, na mara nyingi ni kwa mikono yetu sisi viongozi. Nilimpunguzia vipindi vinane kwa wiki, tukachagua walimu wawili akawafundisha mifumo, na nikaweka sharti kwamba hakuna kazi ya taaluma inayopelekwa kwake baada ya saa tisa bila kupitia kwangu.

Kuhusu mtoro wa Jumatatu, sitasema kwamba nilimbadilisha. Niligundua anazungumza Kimaasai vizuri, kwa kuwa alikulia kijiji cha wafugaji. Kwetu migogoro ya wakulima na wafugaji ina historia ndefu, na watoto wa maboma walikuwa wanaandikishwa Januari, wanapotea kiangazi mifugo inapohama. Nikamkabidhi mahudhurio yao. Alikwenda kwenye maboma kwa baiskeli, akakaa na wazee, akapatana na baadhi ya familia kwamba ng'ombe wakihama mtoto abaki kwa shangazi au bibi aliye karibu na shule. Watoto tisa walibaki mwaka ule. Wengine waliondoka, na hatukuwapata tena.

Hata hivyo, mwalimu huyo huyo alikuwa haandiki andalio la somo, na Jumatatu aliendelea kukosekana. Nilimwonya kwa mdomo, kisha kwa maandishi. Wenzake wawili walinilaumu, wakasema, "Madam, mtu anakuletea watoto wa maboma, unamwandikia barua?" Niliwajibu kwamba watoto anaowaleta wanastahili kumkuta darasani. Kumjenga mtu kwa anachokiweza hakumfutii anachodaiwa. Jumatatu zilipungua, hazikuisha.

Mzee alistaafu 2024. Aliniachia boksi la vizibo, mbegu na vijiti, kila aina kwenye kikopo chake. Wiki moja kabla hajaondoka niliwauliza walimu, mmoja mmoja njiani kama kawaida, nani angependa Darasa la Kwanza. Wawili waliliomba, mmoja wao akiwa yule wa Darasa la Tano aliyekwama kwenye vijiti. Nikampa yeye. Ana watoto 96 katika chumba kimoja, sakafu ni nzima, na kila Alhamisi mzee hupita kumsalimia, akaishia kukaa chini na watoto mpaka kengele ilie.