Nyumba ya Vyumba Viwili Newala, na Milimita Mbili Zilizoinua Ukuta

Nilikwenda Mtwara kuziona nyumba za ghorofa zilizozungushiwa wavu, lakini kilichonikalisha juani mchana kutwa ni ukuta wa tofali za udongo nje kidogo ya Newala.

Kutoka Dar es Salaam ni safari ya kuchosha. Kibiti, Daraja la Mkapa, Lindi, magoti yamebanwa na kiti cha mbele muda wote, na nauli tuliyolipa ilikuwa ya basi lenye kiyoyozi ambacho hakikuwashwa. Mtwara mjini nikapata chumba cha bei kubwa chenye dirisha dogo linalotazama ukuta. Nilitokwa jasho usiku kucha chini ya bati lisilo na dari, na pengine ndiyo maana zile nyumba za wavu zilinipendeza kiasi kile.

Zinaitwa Star Homes. Zimejengwa 110 katika vijiji vya mkoa huu ili kupima kama nyumba yenyewe inaweza kupunguza malaria, kuhara na maradhi ya kifua kwa watoto. Zilitanguliwa na nyumba sita za majaribio Magoda, wilayani Muheza. Jiko na stoo viko chini, vyumba vya kulala viko juu, kwa sababu mbu wengi waenezao malaria huruka karibu na ardhi, na pia upepo wa juu ni mzuri zaidi. Kiunzi ni cha chuma chembamba, kuta za juu ni wavu, na maji ya bati yanaingia kwenye tangi. Hewa inapita humo hata saa nane mchana. Nilibaki na swali moja tu: kipande cha chuma kikipinda, mwenye nyumba atakipata wapi kingine? Nyumba ya kijijini inayounganishwa kwa vipande inahitaji vipande vinavyopatikana pale pale, ama dukani ama kwenye shimo la udongo.

Swali hilo ndilo lililonipeleka Newala, kupitia Tandahimba, kwa vumbi jingi na bodaboda aliyenitoza mara mbili kwa sababu ya begi.

Nyumba niliyoikuta inajengwa kwa tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, ambazo hushikana zenyewe zikipangwa: urefu milimita 300, upana 150, kimo 100, kila moja ina uzito wa kilo nane hivi. Vipimo vyote vya nyumba vimetokana na tofali hilo na bati. Kila chumba ni mita 3 kwa 3 ndani. Paa linaelekea upande mmoja tu. Mabati mawili ya futi 8 yakilaliana sentimita 20 yanavuka upana wa nyumba na kuacha upenu wa sentimita 60 kila upande, na safu 10 zinamaliza urefu. Mabati 20, na hakuna hata moja linalokatwa. Tofali ni kama 1,900, yaani tani 15, na ndiyo maana zinafyatuliwa uwanjani badala ya kununuliwa mjini. Mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali 70 hadi 80.

"Shikamoo, fundi," nikamwambia mzee aliyekuwa ameshika pima maji.

"Marahaba. Karibu, lakini usiegemee hapo, tunabomoa."

Ukuta ulikuwa umefika kozi, yaani safu ya tofali, ya ishirini, na pembe moja ilikuwa juu kuliko nyingine kwa zaidi ya sentimita 3. Nilidhani msingi umetitia. Mzee akaniongoza hadi kwenye mashine ya kufyatulia tofali. Vijana waliokuwa wakifyatua walijaza kisanduku cha mashine kwa koleo, bila kupima udongo. Udongo ukizidi, mpini haufiki chini kabisa, na tofali linatoka na kimo cha milimita 102. Ukipungua, kimo kinakuwa sawa lakini tofali ni laini, kona zinamomonyoka. Kwa kuwa tofali hizi hupangwa bila udongo wa kuungia, hakuna kinachofidia tofauti. Milimita mbili ukizizidisha kwa kozi 20 ni sentimita 4.

Uzuri wake ni kwamba ukuta wa namna hiyo unabomolewa kwa mikono bila kuvunja kitu. Mzee alichonga ubao wenye pengo la milimita 100, kila tofali likapitishwa humo, yakapatikana mafungu mawili: yanayopita na yasiyopita. Kila kozi ikajengwa kwa tofali za fungu moja, kuzunguka nyumba nzima. Kila baada ya kozi sita wanavuta kamba na kupima tena. Kozi ya kwanza tu ndiyo inayolazwa kwenye mchanganyiko wa saruji na mchanga, na ikikosewa hiyo, makosa yanapanda na ukuta.

Udongo nao ulikuwa na taabu yake. Uwanda wa Makonde una mchanga mwingi. Walijaza chupa udongo hadi theluthi, wakaongeza maji na chumvi kidogo, wakatikisa, wakaiacha hadi kesho yake. Mchanga ulikaa chini, na juu utando wa mfinyanzi ulikuwa mwembamba mno. Dawa ilikuwa udongo wa kichuguu, uliopondwa na kuchekechwa. Maji wanayapima kwa kufinyanga bonge na kuliangusha kutoka usawa wa kifua: likipasuka vipande vinne hadi sita ni sawa, likisambaratika maji hayatoshi, likibaki bonge yamezidi. Mchanganyiko ukishaloweshwa, ufyatuliwe ndani ya nusu saa, la sivyo saruji inaanza kushika kabla ya kukandamizwa. Kisha tofali hufunikwa nailoni na kumwagiwa maji kwa siku saba au zaidi. Newala, ambako ndoo ya maji ni fedha, hapo ndipo wengi wanapobana, na tofali linabaki unga ndani. Bora kufyatua wakati wa mvua na kujenga kiangazi.

Mama mwenye nyumba ataongeza chumba cha tatu akiuza korosho. Msingi wa mawe wa chumba hicho umekwisha kujengwa. Ukiujenga baadaye, sehemu mpya inatitia peke yake na ufa unatokea kwenye kiungo.

Nilimfikiria bibi yangu na tembe yake kule Singida. Ile nayo ilikuwa nyumba ya kuongezeka: kijana akioa, chumba kinaunganishwa kuzunguka ua. Ilikuwa na ubaridi mchana na joto usiku. Ila paa lake la udongo halikutupa hata kikombe cha maji, wakati paa hili la Newala, lenye mita za mraba 34, linakusanya lita 800 kwa mvua ya milimita 30, hata ukitoa zinazopotea. Udongo mweusi wa mbugani kwetu haufai kwa tofali, unavimba na kupasuka. Ule mwekundu wa mwinukoni unafaa, na kabla ya kuagiza mashine nitawatumia ndugu zangu vipimo vya kisanduku cha mbao cha kupimia udongo wa kila tofali, waanze kuujaribu udongo wao kwenye chupa.