Wadandiaji kwenye laptopu ya studio

Ukisikia sauti inakwaruza, "tik, tik", katikati ya rekodi, usikimbilie kulaumu saundi kadi. Narekodi kwaya na vijana wa Bongo Fleva hapa Kihesa, Iringa, na laptopu nyingi zinazoletwa kwangu na ugonjwa huo ni nzima kabisa kwa upande wa vifaa. Shida yake ni programu ambazo mwenyewe hakuziomba. Ziliingia siku aliposasisha programu ya kurekodi kama FL Studio, Audacity au Cubase, au plagini (kiongezi cha ala au athari za sauti) fulani ya bure. Ni kama malori yanavyopanda Mlima Kitonga: gari likipunguza mwendo kwenye kona, mdandiaji anaruka juu. Kwenye kompyuta, kona yenyewe ni pale unapobofya "Next, Next, Next" huku akili yako iko kwenye biti.

Laptopu iliyonipa kazi ya maana ilikuwa ya mwalimu wa kwaya kutoka Ilula. Alikuwa anaitumia kuandaa sauti za kufundishia, sauti ya kwanza hadi besi, kila moja peke yake, kisha anawarushia wanakwaya kwenye simu.

"Mdogo wangu, hii mashine imezeeka," akaniambia. "Na bando nalo siku hizi halifiki Jumatano."

Hapo kwenye bando ndipo nilipokaza masikio. Uzee wa mashine hauli MB.

"Mwalimu, ulisasisha kitu gani karibuni?"

"Audacity tu. Nilitafuta mtandaoni, nikabonyeza kile kitufe kikubwa cha kijani."

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikaenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha mashine inapowaka. Kulikuwa na ya "kusasisha madreva", ya "kusafisha kompyuta", antivirusi ya majaribio isiyojulikana, na nyingine ya kugawana mafaili iliyokuwa inapakia data kwenda kwa watu wengine muda wote laptopu ikiwa hewani. Huyo wa mwisho ndiye mla bando.

Mkwaruzo nao una hesabu yake. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na bafa, yaani ukubwa wa kila fungu la sauti, umeiweka sampuli 256, kompyuta ina takriban milisekunde 5.8 za kuandaa kila fungu la sauti. Programu nyingine ikiishikilia mashine kupita muda huo, fungu linachelewa na sikio linasikia "tik". Unaweza kuongeza bafa hadi 1024, mkwaruzo ukapungua, lakini mwimbaji ataanza kujisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni, na hapo hata mwimbaji mzuri anapotea. Kwa hiyo kwanza nilipima kwa LatencyMon, programu ya bure inayoonyesha ni dreva gani inaichelewesha mashine, ili baadaye nijue kama kazi yangu imezaa matunda au la.

Kuondoa kwenyewe, silaha yangu kubwa ni tarehe. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika appwiz.cpl, kisha panga orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Wadandiaji huja siku moja na mwenyeji wao. Kwa Mwalimu, Audacity ilikuwa imezungukwa na majina mageni ya tarehe ileile. Kabla sijagusa chochote nikatengeneza kituo cha kurejesha mfumo, maana kazi za kwaya zilikuwa humohumo. Kisha nikaanza kutoa moja moja. Soma kila dirisha taratibu, kwa sababu hawa jamaa ni wajanja hata wakiwa mlangoni wanatoka: kitufe kikubwa chenye rangi kinasema ubaki nayo kwa punguzo la bei, na kile cha kuiondoa ni maandishi madogo ya kijivu pembeni. Moja ilinifungulia ukurasa wa kuniuliza kwa nini naondoka. Nikaufunga bila kujibu.

Baada ya hapo nikapitisha AdwCleaner ya Malwarebytes, ambayo husaka programu za matangazo, nikakagua Task Scheduler, ratiba ya kazi ya Windows, kwa sababu mdandiaji akifukuzwa hupenda kuacha kazi iliyopangwa ya kumrudisha usiku, kisha nikaingia kwenye brauza. Ukurasa wa kutafutia ulikuwa umebadilishwa, na kulikuwa na nyongeza ambayo Mwalimu hakuwahi kuiona. Nikawasha tena, nikapima: mistari myekundu ya LatencyMon imeondoka, bafa ya 256 inatembea bila mkwaruzo.

Sasa, sehemu ambayo naona wengi wanapitiliza. Si kila kinachokuja pembeni ni takataka. Kijana mmoja alisafisha mashine yake kwa hasira, plagini zake zote za kulipia zikagoma kufunguka, akaja kwangu akidai ameibiwa. Alikuwa ameondoa iLok License Manager, inayobeba leseni. Vivyo hivyo NTKDaemon: ukiiona kwenye Task Manager jina lake linatisha kama kirusi, lakini ni huduma ya Native Instruments, kampuni ya ala za kompyuta, na bila hiyo Native Access, programu yao ya kusakinisha ala hizo, haifanyi kazi. FL Studio kwa Windows imekuwa ikija na ASIO4ALL, dreva ya sauti, kwa miaka mingi, na kwa asiye na saundi kadi ya nje hiyo ni msaada, si mzigo. eLicenser ya Steinberg, mtunza leseni wa watengenezaji wa Cubase, ndiyo ya kufikiria mara mbili: huduma yake ilifungwa Mei 2025, kwa hiyo kama umehamia leseni mpya unaweza kuitoa, ila kama bado unatumia Cubase ya zamani inayoitegemea, iache ilivyo. Kanuni yangu ni kuuliza: je, nikiitoa, kuna ala au plagini itakayogoma? Nisipojua, naizuia tu isijiwashe yenyewe, nafungua mradi mmoja mkubwa, nasikiliza. Kuondoa ni baadaye.

Kuhusu kuzuia, Mwalimu alitaka nimwandikie kwenye karatasi, nikamwambia tufanye pamoja. Tukaanza kwa kuandika anwani ya Audacity wenyewe badala ya kutafuta na kubofya la kwanza linalotokea, kwa sababu la kwanza mara nyingi ni tangazo. Hata kwenye ukurasa rasmi kuna kuchagua: unaweza kuipata kupitia Muse Hub, ambayo ni programu nyingine, duka la sauti na plagini, inayokaa kwenye mashine, au faili la Audacity peke yake. Yeye hahitaji duka la sauti, anahitaji kukata na kuunganisha. Tukachukua faili peke yake.

Na usidhani jina kubwa la tovuti linatosha. SourceForge, ambako programu nyingi huria zilikuwa zikipakuliwa, mwaka 2013 walianzisha mpango wa kufungia matangazo ya programu nyingine ndani ya visakinishi, GIMP, programu ya kuhariri picha, wakahama mwaka huohuo, na mpango ukafutwa 2016 baada ya tovuti kupata wamiliki wapya. Agosti 2016 FossHub, tovuti nyingine ya kupakulia programu, nao walivamiwa na wadukuzi, na kwa muda mfupi kisakinishi cha Audacity kikabadilishwa na kingine chenye madhara. Ndiyo maana huwa natazama rangi ya dirisha la Windows linaloomba ruhusa: la bluu lina jina la mtoaji aliyethibitishwa, la njano halijui faili limetoka wapi. Njano kwa programu ya kampuni kubwa, nasimama.

Kwenye usakinishaji wenyewe, chagua "Custom" hata kama pameandikwa kwamba njia nyingine ndiyo inayopendekezwa. Tiki nyingi zinazotega ziko humo. Na hapa kwetu tuna faida moja ya ajabu inayotokana na ufukara wa bando: pakua faili zima, zima data, ndipo usakinishe. Visakinishi vingi vya aina hii huvuta matangazo yao kutoka mtandaoni muda huohuo, vikikosa mtandao vinasakinisha ulichotaka tu. Kisha kwenye Windows Security, kwenye sehemu ya udhibiti wa programu na brauza, washa kizuizi cha programu zisizotakiwa. Kipo tangu toleo la Windows 10 la Mei 2020 na kwenye mashine nyingi ninazofungua kimezimwa.

Kuna habari ya matoleo yaliyovunjwa leseni (crack) pia, yale yanayozunguka kwenye flashi. Siwezi kuyasafisha na sijaribu. Maelekezo yake huanza kwa "zima antivirusi kwanza", sasa hapo utamlinda nani? Anayetaka FL Studio na hana hela, toleo la majaribio linamruhusu kutoa wimbo kamili kama WAV au MP3, kinachomshinda ni kuufungua tena mradi aliouhifadhi. Mwingine namwelekeza kwenye Reaper, programu nyingine ya kurekodi: kisakinishi chake ni takriban MB 15, hakina abiria, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60 baada ya majaribio ya siku 60.

Mwalimu amebaki na Audacity yake. Ila sasa kila kisakinishi anachopakua anakihifadhi kwenye flashi pamoja na tarehe, na wanakwaya wenye laptopu wanachukulia hapo badala ya kutafuta wenyewe. Juzi alinipigia kuuliza kama "Bonjour", huduma ya Apple inayokuja na iTunes, ni mdandiaji. Nikamuuliza kama anatumia iTunes, akasema mwanae anatumia. Nikamwambia basi aiache.