Siku tulikunywa maji ya Nili pale inaanzia

Siye tulienda Burundi juu ya ndoa. Mutoto wa baba mukubwa alikuwa anaoa ku Bujumbura, basi tukatoka Bukavu saa kumi na moya ya asubuhi, batu 14 mu basi moya kidogo. Barabara ya mulima Ngomo sitaisemea sana, mwenye alishapita ile barabara anaijua, unaangalia chini mara moya unaacha kuangalia. Kamanyola, Luvungi, Sange, Uvira, kisha Gatumba, pale batukawiza karibu saa moya nzima juu ya karte jone (ile karte ya chanjo) ya mwenzetu, tukapita.

Ndoa ilikuwa muzuri, Mungu asifiwe, lakini yenye naandikia hii ni siku ya pili yake. Shemeji yetu Murundi akasema hamuwezi kurudia Congo bila kuona pale Nili inaanzia. Mama mukubwa akauliza, "Nili ya mu Biblia? Ile ya Musa?" Akamujibu ndiyo mama, njo ile ile. Mama mukubwa akaenda kutafuta viatu palepale.

Ile fasi inaitwa Rutovu, upande wa Bururi, kilometa 100 na kitu kutoka Bujumbura. Barabara inapanda tu, unaacha joto ya ziwa kule chini, unaingia Mugamba kwenye kuko mashamba ya chai na ng'ombe na baridi ya kweli, na siye tulikuwa tumevaa nguo za Bujumbura, mara bamama bakaanza kutugawia bitenge tujifunike.

Tulianza na piramidi. Iko juu ya mulima Kikizi, metre 2,145, piramidi ya mawe yenye bajenga mu 1938 juu ya Mujerumani moya, Burkhart Waldecker, mwenye alifatisha mito, moya baada ya ingine, mupaka akafika huku mu 1937. Banyarwanda bako na mwanzo yao ku Nyungwe, Jinja ya Uganda nayo bengi banaiitaka mwanzo, kila mutu na yake, lakini ku upande wa kusini hakuna yenye inapita Rutovu kwa umbali.

Pale njo nilisikia kitu yenye ilinishika roho mupaka leo. Shemeji akanyoosha mikono yote mbili. Hii mugongo ya milima yenye tulipanda asubuhi, akasema, mvua ikinyesha upande wa mangaribi inashuka Tanganyika, inatokea ku Lukuga pale Kalemie, inaingia Lualaba, inaenda mupaka Muanda mu Atlantiki. Ikinyesha huku ingine inaingia Ruvyironza, Ruvubu, Kagera, ziwa Victoria, Uganda, Sudani zote mbili, Misri. Miye nimekomalia karibu na pale Ruzizi inatoka mu ziwa Kivu, tangu utoto naionaka ikishuka, na sikuwaza hata siku moya kama mulima tu njo inaachanisha maji yetu na ya Misri.

Tukashuka ku chemchemi yenyewe. Ni muferejo kidogo, maji yenye unene wa kidole, inatoka mu ukuta na kuanguka polepole, ukiweka mukono inakuuma baridi mupaka mu mifupa. Tulibaki kimya wote. Nyuma yetu kukafika binti wa miaka kama kumi na bido yake ya njano, akasimama pembeni anangoja bageni bamalize. Mama mukubwa akamuambia, "Pita mbele mwanangu, siye tunapita tu, weye njo mwenye maji." Yule mutoto akacheka, akasema mwiriwe, akakatala. Mama mukubwa akamushika mukono, akaweka bido yake chini ya maji, bakangoja pamoja ijae, mumoja anasema Mashi, mwingine Kirundi, na banasikilizana bila shida.

Kisha njo tukakunywa. Haina ladha ya kitu chochote, ni safi tu na baridi ya kuuma meno. Mama mukubwa akajaza chupa moya ya kupelekea bale babaki nyumbani.

Kesho yake tukarudia. Pa daraja ya Ruzizi, mbele ya kufika Gatumba, nikamuonesha kule chini, nikamuambia mama mukubwa, ile maji imetoka kwetu Bukavu. Akaangalia muto murefu, kisha akaangalia chupa ku magoti yake, akakaza kifuniko.