Kifua kikuu cha ng'ombe na nyati: kipimo cha shingoni

Mycobacterium bovis, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, hawahitaji ng'ombe na nyati wagusane ili waambukize. Birika moja la maji, jiwe moja la chumvi au nyasi zenye mate zinatosha, hasa penye kivuli na unyevu. Jua kali huwaua bakteria hao upesi. Simba huambukizwa kwa kula nyati mgonjwa, kama ilivyotokea katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini.

Kupima ng'ombe: nyoa sehemu mbili shingoni, pima unene wa ngozi kwa kalipa (kifaa cha kupima unene), kisha choma tuberkulini (protini za bakteria wa kifua kikuu) mililita 0.1 ndani ya ngozi, si chini yake: ya bakteria wa ng'ombe sehemu moja, ya bakteria wa ndege nyingine. Usipohisi kijivimbe mfano wa punje ya dengu, umekosea. Baada ya saa 72, mtu yuleyule apime tena. Uvimbe wa tuberkulini ya ng'ombe ukizidi ule wa tuberkulini ya ndege kwa zaidi ya milimita 4, mhesabu ameambukizwa. Ng'ombe aliyekwisha dhoofu huweza kuonekana mzima kwenye kipimo, maana kinga yake haiitikii tena; hapa wengi hudanganyika. Usirudie kipimo kabla ya siku 42. Nyati wa porini? Alazwe kwa dawa ya usingizi, kisha azuiliwe siku tatu hadi majibu yasomwe.