Anne Frank, Mtoto wa Wahamiaji

Wageni wanaotutembelea hapa Amsterdam karibu wote huomba kupelekwa Prinsengracht 263, nyumba ambamo Anne Frank, binti wa Kiyahudi anayejulikana kwa shajara yake, na wenzake saba walijificha wasikamatwe na Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mimi huwapitisha kwanza Merwedeplein, kusini mwa jiji, kwenye ghorofa za kawaida za matofali alikoishi kabla ya hapo, kwa sababu hata sisi tulioacha kwetu husahau kwamba binti huyu naye alikuwa mgeni katika nchi hii.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1929. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, baba yake, Otto, alitangulia Amsterdam kuanzisha biashara ya pektini, ile inayotumika kugandisha jemu, na Anne akafuata mapema mwaka 1934, hajatimiza miaka mitano. Kiholanzi alikipata shuleni upesi, ilhali mama yake, Edith, kilimpa taabu. Wazazi wa ughaibuni hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Ujerumani ilipoivamia Uholanzi, Mei 1940, Otto alikuwa ameshaomba viza za Marekani, na mwaka 1941 aliandika barua nyingine za kuomba msaada, lakini hazikufua dafu. Novemba mwaka huohuo Wayahudi wa Kijerumani waliokuwa nje ya nchi yao walivuliwa uraia, na Anne akabaki hana taifa.

Shajara aliyozawadiwa alipotimiza miaka 13, Juni 1942, aliiandika kwa Kiholanzi. Kabla mwezi haujaisha tangu siku hiyo, dada yake, Margot, aliitwa kupelekwa kambi ya kazi, na familia ikaingia mafichoni. Miongoni mwa waliowaletea chakula na habari alikuwamo Miep Gies, mzaliwa wa Vienna, ambaye yeye mwenyewe aliletwa Uholanzi utotoni kwa ajili ya njaa iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia.

Ukurasa ninaourudia mara kwa mara ni wa tarehe 22 Mei 1944. Anne amesikia kwamba chuki dhidi ya Wayahudi inaenea hata miongoni mwa Waholanzi, na kwamba waliokimbia Ujerumani huenda wakatakiwa warudi huko vita vikiisha. Habari hiyo inamchoma, hata hivyo anaandika kwamba anaipenda Uholanzi na bado anatumaini itakuwa nchi yake, kwa kuwa ile ya kwanza ameipoteza. Anayesubiri majibu ya kibali cha kuishi leo ataielewa hofu hiyo bila mkalimani.

Walikamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Anne alifia kambi ya Bergen-Belsen mapema mwaka 1945, akiwa na miaka 15, na kati ya wale wanane ni Otto peke yake aliyenusurika. Ndiye aliyeichapisha shajara mwaka 1947.

Mwaka 2004 palizuka hapa mjadala wa kumpa Anne uraia wa Uholanzi, na serikali ikajibu kwamba sheria hairuhusu kumpa uraia mtu aliyekwisha kufariki. Baba yake aliupata mwaka 1949.