Nyayo za rangi mwaloni

Jana kwenye kikao cha mwaloni, hapa tunaposhushia samaki wa Ziwa Victoria, huku Ilemela, Mwanza, wataalamu wa mradi mmoja walitueleza watakavyopunguza kichocho. Hawatahubiri, walisema, maana watu wamechoshwa na mahubiri. Watachora nyayo za rangi kuelekea chooni, na ukutani wataweka picha ya macho ili mtu ajione anatazamwa. Mama mmoja anayeanika dagaa akauliza, "Wanangu, na maji ya bomba je?" Kijana mmoja wa mradi akamjibu kwa heshima: "Mama, bomba halimo kwenye mradi wetu."

Jibu hilo limeninyima usingizi.

Hoja iliyo nyuma ya nyayo na macho hayo naifahamu. Mwanauchumi Richard Thaler na mwanasheria Cass Sunstein waliieneza mwaka 2008: usimlazimishe mtu, panga mazingira ili jambo jema liwe rahisi kwake. Serikali ya Uingereza ikaunda kitengo cha kazi hiyo mwaka 2010, na Thaler akapata Nobel ya uchumi mwaka 2017. Pana mahali inafaa. Tangu 2012 waajiri wa Uingereza walianza kuwaingiza wafanyakazi moja kwa moja kwenye akiba ya uzeeni, asiyetaka ajitoe, na wengi wamebaki. Lakini yule mshahara anao tayari wa kukatwa.

Sisi tunaugua kwa sababu ya ziwa tunalolitegemea. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, yakifika majini huanguliwa, vimelea hukulia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote anayeingia ziwani. Nani hapa hajui? Anajua anayefua, anajua anayesukuma mtumbwi. Dawa ya praziquantel inatibu, ila haikingi; ukirudi majini unaambukizwa upya. Na utaacha vipi kurudi, wakati ndoo ya kupikia inajazwa hapo hapo?

Walitaja shule za Bangladesh, ambako baada ya nyayo kuchorwa, kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni kulipanda kutoka asilimia 4 hadi 74. Ni kweli. Ila pale sehemu za kunawia zilijengwa kwanza, na hilo hawakuligusia.

Mwaka 2022 Nick Chater na George Loewenstein, ambao wenyewe ni watafiti wa fani hii, waliandika kwamba kushughulika na tabia ya mtu mmoja mmoja kumewasaidia wasiotaka mfumo ubadilike. Mwaka huo huo Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walipima majaribio ya vitengo viwili vikubwa vya kazi hii huko Marekani: wastani wa mabadiliko ulikuwa pointi za asilimia 1.4 tu, ilhali majaribio yaliyochapishwa na wasomi yalionyesha 8.7. Kwa faida ndogo hivyo, mwalo mzima unaambiwa usubiri bomba?

Na yale macho ukutani yananiudhi kuliko nyayo. Mtu mzima akipewa sababu anaweza kukubali au kubisha. Akichezewa hisia bila kujua, atabisha nini? Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kutazamwa. Yule mama aliuliza swali la bajeti, akajibiwa kana kwamba shida ni tabia yake.

Kesho naenda kwa mtendaji wa kata kuomba swali lake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kwa maneno yake mwenyewe, kabla haujapelekwa halmashauri.